Nguzo Nne za Kaka Yangu

Nilikuwa na miaka hamsini na moja, mwalimu wa Kiswahili mwenye mvi, na bado sikuwa na nyumba. Sisemi nyumba ya kupanga. Hizo nimepanga Migori mpaka nimechoka kugombana na wenye nyumba kuhusu maji. Nasema boma langu mwenyewe. Kwetu, karibu na Kosele, mwanamume hatoki kwenye boma la baba yake hivi hivi. Anaongozwa mpaka kwenye kipande chake cha ardhi, mbele jogoo, nyuma shoka na moto, na nyumba inasimamishwa na kuezekwa siku hiyo hiyo kabla jua halijatua. Na hatoki kabla ya mkubwa wake. Kaka akiwa hajajenga, mdogo anangoja. Ukimruka, watu watakunong'oneza habari za chira, laana inayomkausha mtu taratibu, yeye na watoto wake. Sisi ni Waadventista, chira hatuiamini. Lakini kuijaribu pia hatuijaribu.

Na kaka yangu alikuwa Australia.

Alikuwa huko zaidi ya miaka ishirini. Kila Januari nilimpigia simu, na kila Januari akaniambia, "Mwaka huu nakuja, omera, ndugu yangu. Nakuja kujenga." Nikishukuru tu, anaanza habari za mpira wao. Si kandanda, si raga, mpira wa kwao peke yao. Mimi namweleza kwamba mfereji unakula mpaka wa shamba lake, yeye ananieleza nani aliruka juu ya mabega ya nani Jumamosi. Nilikuwa naweka simu mezani, nasahihisha insha, narudi baada ya dakika tano kusema "ala!" na "kweli?" Sasa hivi ningelipa chochote kuzisikia zile dakika tano.

Mke wangu hakuwa na subira ya simu. "Mwalimu," aliniambia mwaka mmoja, tukitoka mazishi ya jirani, "mimi nikifa leo mtanizika wapi? Kwenye ua wa mama mkwe, kama mgeni aliyekuja kusalimia?" Nikamwambia asiseme mambo ya kufa. Akasema, "Basi niambie ya kuishi. Mtoto wako wa kwanza ana miaka ishirini na sita. Kijana anajenga kibanda chake kwenye boma la baba yake. Baba yake ana boma?" Nilikasirika, kama kawaida yangu nikikosa jibu, nikaenda kukaa nje.

Kisha kaka akaja kweli. Hakuja na kontena wala na gari. Alikuja na begi moja na rafiki yake Mzungu, mtu mwema mwenye uso mwekundu, ambaye alimshika mkono tangu uwanja wa ndege hadi mlangoni kwetu, akalala siku mbili, akalia, akaondoka. Ndiye aliyetueleza. Kaka alikuwa mtunza uwanja wa klabu ndogo pembezoni mwa Melbourne. Alikata nyasi, alipaka chokaa mistari, na Jumamosi aliingia kucheza mpaka umri ambao wenzake walishaacha zamani. Aligongwa kichwa mara nyingi. Aliamka, akacheka, akaendelea. Na mke wake wa huko walishaachana. Sasa kichwa kilikuwa kinafunguka na kufungika kama mlango wenye bawaba mbovu. Daktari wa Homa Bay alimpima, akauliza maswali, akaandika, kisha akaniambia nje kwamba hakitarudi kama kilivyokuwa, na mengi yatazidi kuondoka.

Mkubwa ni jaa, wahenga walisema, kila taka hutupwa kwake. Kwetu ilikuwa kinyume. Mdogo ndiye aliyemwosha kaka miguu. Nilihamia nyumbani likizo yote ya Agosti, na baada ya hapo kila wikendi nilitoka Migori, mke wangu akibaki naye siku za shule. Siku nyingine alinijua. Siku nyingine aliniita kwa jina la baba, na siku nyingine aliniuliza kwa adabu kama nimekuja kusoma mita ya stima. Niseme ukweli, nilimkasirikia. Nilimkasirikia mgonjwa! Nilikuwa nimengoja miaka ishirini mtu wa kunifungulia njia, na nimeletewa mtu asiyejua mlango wa choo.

Kitu kimoja tu hakikumtoka, na hicho ni ule mchezo. Ukimuuliza alikula nini asubuhi, hajui. Muulize mchezo ulianzaje, utaketi mpaka chai ipoe.

Watu wa kriketi, alisema, ndio walioanza. Kriketi ni ya kiangazi, na baridi ikija wanaume wanakaa ndani wananenepa. Mmoja wao akasema, tutafute mchezo wa kutuweka wepesi. Wakakutana wachache kwenye hoteli karibu na uwanja wao, wakaandika sheria. Zilikuwa chache, zikatosha kwenye ukurasa mmoja. Hata kabla ya hapo vijana wa shule mbili walishakutana kwenye bustani ya jirani, arobaini upande huu na arobaini upande ule, wakacheza katikati ya miti iliyosimama. "Miti haikukatwa?" niliuliza mara ya kwanza. "Ya nini?" akajibu kaka. "Unauzunguka." Jua likazama hawajapata mshindi, wakarudi Jumamosi nyingine, na nyingine tena, na mpaka mwisho mshindi hakupatikana. Hapo kaka alicheka sana. Utotoni mwetu marehemu mama hakuruhusu hata kuugusa mpira siku ya Sabato, na yeye akaenda kujikabidhi kwa mchezo ambao maisha yake yote ni Jumamosi.

Lakini kuna mahali hakucheka. Alisema wenyeji wa nchi ile, watu weusi waliokuwepo kabla ya meli, walikuwa na mpira wao wa ngozi ya mnyama, wanaupiga juu na kuurukia. Wasomi wanabishana kama wale wa kriketi walichukua chochote kutoka kwao. "Wanabishana wao kwa wao," kaka alisema, na mshipa ukamsimama shingoni. "Wenyewe waliulizwa? Wewe ukikuta mzee hapa anacheza adhula, mpira wetu wa fimbo, utaandika kitabu kwamba umevumbua magongo?" Hiyo ilikuwa siku nzuri. Kichwa kilikuwa wazi kabisa, nami nikasahau hasira zangu, nikamwambia aendelee.

Alinifundisha majina. Mwanzo ziliitwa sheria za Melbourne. Mchezo ulipoenea jimboni zikaitwa sheria za Victoria. Ulipovuka kwenda majimbo mengine, wenyewe huko wakanuna, nani atacheza chini ya jina la jirani? Ndipo zikawa sheria za Australia. Hata jina la shati la kuchezea hawapatani. Melbourne wanaliita jampa, kama sisi tunavyoita sweta. Ukienda Perth au Adelaide utawasikia wanaliita ganzi, ndiyo guernsey ya Kiingereza. Na neno futi, kifupi chao cha mpira wa miguu, alisema, ndilo hatari kuliko yote. Akachukua kijiti akachora nchi yao kwenye vumbi, akapitisha mstari kutoka kaskazini ukishuka kwa kukingama mpaka pwani ya kusini-mashariki. Upande huu ukisema futi unapewa mchezo wake. Vuka mstari uende Sydney, useme futi, unapewa raga, na hao wa raga wanawacheka wenzao kwamba wanacheza ping-pong ya angani. Nikamwambia hata sisi, ukivuka mpaka pale Isebania omena inakuwa dagaa. Akanitazama kwa huruma. "Omera, hiyo ni samaki mmoja majina mawili. Hii ni jina moja samaki wawili. Na wewe ni mwalimu."

Nilijifunza yote, kwa sababu ndiyo lugha pekee iliyobaki kati yetu. Na kuhusu mchezo hakuwa na Kijaluo wala Kiswahili. Alitumia Kiingereza cha huko, kile kinachopitia puani. Mke wangu kilimshinda. Baba mdogo, ndugu wa mwisho wa baba na mkubwa wa ukoo sasa, hana Kiingereza hata cha kuombea maji. Ikawa mimi ndiye mkalimani wa kaka yangu kwenye boma alilozaliwa.

Habari ya kujenga niliipeleka kwa baba mdogo mwezi wa Oktoba. Nilimkuta anapukuchua mahindi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mtu mgonjwa, asiye na mke, desturi inakunjwa kidogo," alisema. "Lakini haivunjwi. Hatudai jumba. Achimbe shimo kwa mkono wake mwenyewe, asimike nguzo kwenye ardhi yake mwenyewe, kwa kutaka kwake. Mkimshika mkono mkamchimbisha, hiyo ni nyumba yako wewe, si yake, na wewe utakuwa umemruka. Akianza mwenyewe, sisi tutamaliza."

"Na asipoanza?"

"Utangoja, mwanangu. Wote tunangoja kitu."

Nikangoja. Nilimtembeza kaka kwenye kipande chake mara ngapi sijui. Nilimwonyesha mahali pazuri pa mlango. Niliacha jembe pale kana kwamba nimelisahau. Yawa, mtu mzima natega jembe kama mtego wa panya! Alilipita. Alikuwa na mpira wake begani, ule wa umbo la yai aliokuja nao kwenye begi, akitembea kwenye mabua ya mahindi, akihesabu hatua.

Wiki ya pili ya Novemba nikafika kutoka Migori Ijumaa mchana, nikamkuta anachimba kwenye kipande chake.

Alikuwa amevua shati. Alikuwa amekata mikaratusi minne kwenye ua wa nyuma, akaimenya maganda. Mashimo yalikuwa manne, kwenye mstari mmoja ulionyooka. Nguzo mbili ndefu alizisimika katikati, na mbili fupi pembeni, moja kila upande. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaridhika.

Nilijua mara moja. Nani angejua kama si mimi? Ndefu mbili za katikati ni goli, mpira ukipita hapo ni alama sita. Kati ya ndefu na fupi ni alama moja, kwa aliyejaribu akakosa. Hakuna mwamba juu. Mara mia alikuwa amenichorea. Kaka yangu hakuwa anajenga nyumba. Alikuwa anajenga uwanja.

"Nzuri?" akaniuliza.

"Nzuri sana," nikasema, na tukapiga mpira mpaka jua likakaribia kuzama na Sabato kuingia. Alipitisha kati mara tatu. Mimi nilipata alama moja moja za kukosea.

Ilikuwa Jumapili asubuhi baba mdogo alipopita akitoka kisimani. Nilisikia kelele nikadhani nyoka. Nikatoka mbio, nikamkuta amesimama mbele ya zile nguzo, kofia mkononi, machozi yanamshuka mzee wa watu. Yeye aliona nini? Aliona mbili fupi pembeni na mbili ndefu katikati, yaani ukuta wa ubavu wa nyumba ya mabati, pale paa linapopanda na kushuka. Kila mtu kwetu angeona hivyo. "Mwenyewe?" akaniuliza. "Kwa mkono wake mwenyewe?"

"Kwa mkono wake mwenyewe," nikasema. Hilo halikuwa uongo.

"Hamkumsukuma?"

"Hatukumsukuma."

Nalo halikuwa uongo. Akainua mikono, akamshukuru Mungu na baba yangu kwa pamoja, akaondoka karibu anakimbia. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Njia ile ni ndefu na mzee anachechemea. Nilisimama pale nikamtazama mpaka akakata kona.

Jikoni mke wangu aliniuliza, "Zile ni nini?"

"Nguzo."

"Nguzo za nini?"

"Nguzo ni nguzo, mama."

Alinitazama. Miaka ishirini na minane tumelala kitanda kimoja, ananijua nikinyamaza kwa uchovu na nikinyamaza kwa ubaya. Akageuka akapuliza moto, hakuuliza tena. Na simlaumu.

Jumatatu sikurudi shuleni, nao wakaja. Jogoo mbele, shoka, moto kwenye kigae, wanaume kumi na wawili, mafundi wawili kutoka Rangwe na mabati yaliyokuwa yamekaa kwa baba mdogo muda mrefu. Kaka alifurahi kupita kiasi. Alidhani klabu imekuja. Alimpa kila mtu mkono. Walipochimba mashimo mengine nyuma ya zile nguzo zake alisaidia kushika kamba. Walipofunga fito akasaidia, akiimba. Baba mdogo alinikumbatia, akasema hajawahi kuona mtu anayejenga kwa moyo kama huu.

Saa nane wakaanza kukandika udongo. Walianza na ukuta ule ule, wenye nguzo zake. Udongo ulipanda mpaka magotini, ukafika kiunoni, na kaka akaacha kuimba. Akaja karibu. Akaweka kiganja kwenye ule udongo mbichi, kati ya zile mbili ndefu. Akasema kwa sauti, kwa Kiingereza chake:

"Mbona mnaziba goli? Mpira utapita wapi?"

Kazi ikasimama. Wote wakamtazama, kisha wakanitazama mimi.

"Anasema nini?" akauliza baba mdogo.

Niliona uso wa mke wangu, amesimama na debe la maji. Nilimwona mtoto wangu juu ya ngazi na misumari mdomoni. Nilikuwa na miaka hamsini na moja.

"Anauliza mlango utakuwa upande gani," nikasema.

Wakacheka kwa furaha. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mwambie mlango utatazama lango la boma, kama wa kila mwanamume!" akasema baba mdogo, na donge la kwanza likatua pale mkono wa kaka ulipokuwa. Kaka alinitazama akingoja niwakataze. Nikainama nikabeba udongo. Baada ya muda alikwenda akaketi chini ya mti na mpira wake mapajani, mpaka jioni tulipomwingiza ndani.

Nyumba ilisimama siku hiyo hiyo. Mwezi wa Desemba ikawa zamu yangu, na jogoo, shoka na moto vikatangulia mbele yangu. Nina nyumba ya vyumba vitatu. Mke wangu ameifagia mpaka ua umeng'aa, na kijana wangu ameweka kibanda chake kushoto kwa lango. Wageni wakija husema tumebarikiwa. Na ni kweli, napenda ile nyumba. Huo ndio ubaya wenyewe. Ningeichukia ingekuwa rahisi.

Kaka hakuugusa mpira tena. Nilimletea, nikamwekea mguuni, nikaigiza kuruka kama kichaa. Alinitazama kwa adabu. Nikamuuliza habari za wale wa kriketi, akasema hawajui. Nikachora ule mstari kwenye vumbi, nikakosea upande kwa makusudi ili anikemee. Hakunikemea. Daktari alisema ugonjwa ndivyo unavyokwenda, na mimi nikashika hilo neno kwa mikono miwili. Ugonjwa. Nilijiambia hakuelewa siku ile, na kama alielewa amesahau.

Sabato moja mwezi wa Februari tulikuwa tumeketi sisi wawili nje ya nyumba yake, tumetoka kanisani, viatu vimevuliwa. Nilikuwa namkatia kucha. Bila kugeuka, kwa Kijaluo safi cha nyumbani, na kwa jina langu la utotoni ambalo hakuna mwingine aliye hai anayelijua, akaniita.

Nikasema, "Naam, kaka."

"Siku ile walipokuwa wanaziba," akasema, "mimi nilijua ni nyumba. Niliwaona na jogoo. Ungeniambia tu unataka nyumba, ningekupa zile nguzo."

Mkono wangu na wembe ukabaki hewani.

"Nilikuwa nangoja tu uwaambie nilichosema," akasema. "Ulikuwa wewe peke yako unayenisikia."

Kisha akanipa mguu wa pili, na nikaendelea kukata kucha.